UZI: Modeli za injini za mvuke mezani. Tuangalie ribiti au tuangalie umbo?

Taruma (Nairobi)

Wadau wa reli, hamjambo.

Wakusanyaji wawili wa hapa jijini wamenikubalia niziweke modeli zao nne kwenye meza moja, nizishike, nizigeuze juu chini na kuzitazama kwa lenzi. Naandika nikiwa bado naziona mbele ya macho, na ninataka tujadili jambo moja tu: modeli nzuri ya injini ya mvuke inajulikana kwa nini, kwa ribiti (vile vijipini vyenye vichwa vinavyoshikilia mabati) au kwa umbo lake?

Zenyewe ni hizi. Kuna Mallard, injini ya mbio ya Uingereza, iliyotengenezwa na Hornby kwa kipimo cha 1:76, yaani ndogo mara 76 kuliko ya kweli. Kuna Big Boy, jitu la Marekani, ya kampuni ya Rivarossi, 1:87. Kuna Garratt (injini yenye seti mbili za magurudumu na boila katikati yake) ya LMS, kampuni ya reli ya zamani ya Uingereza, iliyotengenezwa na Heljan wa Denmark, nayo ni 1:76. Ya nne haina kampuni. Ni Garratt yetu ya klasi 59 ya East African Railways, imetengenezwa kwa mkono kutoka kwenye bati la brasi, kipimo cha 1:87, na inatembea kwenye reli ya upana wa milimita 12.

Mallard inapendeza, hilo halina ubishi. Ile ya kweli ilifikia maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203 hivi, tarehe 3 Julai 1938, na injini yenye sura ya kasi namna ile huhitaji kuambiwa chochote, unaona tu. Bluu yake imetulia, mistari imenyooka, namba 4468 inasomeka vizuri. Lakini igeuze uitazame kwa mbele. Magurudumu yamesogeleana. Hesabu ni rahisi: reli ya modeli hii ina upana wa milimita 16.5, ukizidisha kwa 76 unapata mita 1.25 hivi, wakati reli ya kweli ya Uingereza ni mita 1.435. Chanzo chake ni cha zamani. Injini za Uingereza ni nyembamba, mota za umeme za miaka ile zilikuwa kubwa hazitoshei ndani, basi wakanenepesha mwili na reli wakaiacha ilivyo. Waingereza wameishi na hilo mpaka leo. Kwa ubavuni hulioni, kwa mbele linakukodolea macho.

Big Boy ni kitu kingine. Kiwanda cha Alco kilitengeneza 25 kati ya 1941 na 1944 kwa ajili ya kampuni ya reli ya Union Pacific, na namba 4014 ilirudishwa relini mwaka 2019. Modeli yake pamoja na behewa la mafuta na maji ina urefu wa sentimita 46. Ukiiona mezani unanyamaza kwanza. Ila kwenye kona kali inanikatisha hamu, kwa sababu boila lake limefungwa kwenye seti ya magurudumu ya nyuma, ya mbele inajipinda peke yake, kwa hiyo pua ya boila inatoka nje ya reli. Hata ya kweli hufanya hivyo, lakini kona zake ni pana huoni. Kona ya modeli ni ya ukubwa wa meza ya kulia chakula.

Sasa njooni kwa ya nne. Garratt za klasi 59 zilitengenezwa 34 na Beyer, Peacock pale Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Urefu mita 31.7, uzito tani 250 na ushee, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu. Zilipandisha mizigo ya tani 1,200 kutoka Mombasa kuja huku juu. Boila lake lina kipenyo cha mita 2.29. Rudia kusoma: boila la mita 2.29 juu ya reli ya mita moja. Limepita mara mbili upana wa njia linayoikanyaga!

Hapo ndipo uzuri wake wote ulipo, kwa maoni yangu. Na aliyetengeneza ile modeli ya brasi amelijua hilo. Boila ni milimita 26, reli ni 12, unaitazama kwa mbele na unapata mshtuko uleule unaoupata ukisimama mbele ya Mount Gelai, mojawapo ya hizo 59, pale makumbusho ya reli Nairobi. Ribiti zake si nyingi. Ngazi za kibanda cha dereva ni nene kupita kiasi. Taa ya mbele imekaa upande kidogo. Kwangu mimi bado ndiyo bora kuliko zote nne, kwa sababu uwiano wa boila na reli umelindwa.

Nasubiri maoni yenu.

Kipimo Sahihi (Thika)

Ndugu Taruma, nimekusoma kwa makini na nusu yake naikubali.

Uwiano ni msingi, sawa. Lakini msingi bila nyumba? Modeli ni kazi ya kuangaliwa kwa karibu. Mimi nikishika modeli naenda moja kwa moja kwenye fimbo za magurudumu. Mfumo wa Walschaerts, ule wa fimbo zinazoendesha valvu za mvuke, una vipande vyake, kila kimoja kina kazi: kuna fimbo fupi inayotoka kwenye gurudumu, kuna kipande kilichopinda kinachoyumba mbele na nyuma, kuna wenzo mdogo uliosimama karibu na silinda unaounganisha mwendo wa pistoni na mwendo wa valvu. Viwanda vingi vya bei nafuu vinaviunganisha vipande hivyo kuwa bati moja lililochongwa, likiyumba tu kwa mapambo. Kwa injini ya mvuke, fimbo zile ndizo uhai wake. Treni ya dizeli inaficha kila kitu ndani, ya mvuke inakuonyesha inavyofikiri. Ukizikosea fimbo, hata boila likiwa la milimita 26 kamili, umetengeneza sanamu.

Na jambo jingine ambalo watu hawalitazami: reli yenyewe. Reli ya kawaida ya modeli za 1:87 ina kimo cha milimita 2.5. Zidisha kwa 87, unapata sentimita 22. Hakuna reli ya treni yenye kimo hicho duniani. Kuna reli za modeli za kimo cha milimita 1.4 ambazo zinakaribia ukweli, lakini magurudumu yenye kingo nene yanagonga vifungio vyake. Ile ya brasi uliyoiona inatembea kwenye reli gani?

Taruma

Mkuu, imekaa kwenye reli ya chini, ya milimita 1.4. Magurudumu yake yamechongwa upya kwenye mashine, kingo ni nyembamba. Na fimbo nilizikagua: ule wenzo uliosimama upo, umetoboka na kupigwa pini, unacheza. Kwa hiyo mwenye kazi hakuzidharau fimbo. Alichoacha ni ribiti za matangi, na hizo kwa urefu wa mkono huzioni hata kwenye injini ya kweli ikiwa imepakwa rangi vizuri.

Nikuongezee kitu. Silinda za 59 ziko kwenye ncha za nje, mbili mbele kabisa na mbili nyuma kabisa, kwa hiyo fimbo za seti moja zinatazamana na za nyingine kama picha kwenye kioo. Kwenye modeli ya brasi hilo limefuatwa, na injini ikianza kwenda unaona pande mbili zikifanya kazi kwa kuelekeana. Sikuwa nimewahi kuona hilo kwenye kitu kidogo kiasi kile.

Binti wa Makadara

Hamjambo kaka zangu. Baba alifanya kazi karakana ya reli hapa Nairobi, kwa hiyo nyumbani tulikula tukiongea injini. Mnaongea macho tu, mbona hamwongei masikio?

Garratt ina seti mbili za magurudumu na mvuke wote unatokea bomba moja la moshi. Seti hizo hazijafungwa pamoja. Moja ikiteleza kidogo kwenye reli, mapigo yao yanaachana, yanapishana, halafu polepole yanarudi kuwa sawa. Baba alikuwa akiuiga kwa mdomo: mapigo mazito manne, kisha yanagawanyika yanakuwa kama mvua juu ya mabati, kisha yanakusanyika tena. Siku hizi modeli zinawekewa kifaa cha sauti ndani. Nilizozisikia nyingi zinapiga mapigo manne yaleyale safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo ni sauti ya injini ya kawaida iliyobandikwa kwenye Garratt. Modeli ya 59 isiyopishana mapigo haijakamilika machoni pangu, samahani, masikioni pangu.

Swali langu ni la rangi. Ile ya brasi imepakwa? Maana damu ya mzee ya East African Railways si kila damu ya mzee.

Taruma

Dada, umegusa penyewe. Imepakwa, na mwenye nayo alisumbuka sana na rangi. Alichanganya ikafanana kabisa na ya injini ya makumbusho, akaipaka, na kwenye modeli ikaonekana karibu nyeusi. Kitu kidogo hakina eneo la kutosha kurudisha mwanga, kwa hiyo rangi ileile inaonekana imekolea zaidi. Ikabidi aongeze nyeupe kidogo kidogo mpaka jicho likakubali. Sasa ukiiweka nje juani inaonekana sawa, ukiiweka chini ya taa ya mezani ya njano inakuwa nyekundu mno. Nilimwambia aionyeshe karibu na dirisha tu.

Sauti haina. Ina mota mbili ndogo, moja kila seti, kwa hiyo kinachotakiwa kipo tayari: zikiendeshwa kila moja na kifaa chake cha sauti, mapigo yataachana yenyewe.

Mwambao (Mombasa)

Wenyeji wa bara salamu. Mimi niko upande mwingine kabisa wa mjadala. Nazipenda za bati za zamani, za kutiwa ufunguo. Frank Hornby alianza kuuza treni zake mwaka 1920, na wala hazikujidai kuwa injini fulani ya kweli. Zilikuwa na magurudumu manne, kijani au nyekundu, na mlio wa springi. Uwiano wake ukiupima utalia. Lakini rangi ile ya kuchapwa juu ya bati, na uzito wake mkononi, na namna inavyoanza kwa pupa halafu inachoka, mimi hunishinda nguvu. Märklin nao ni wazee zaidi, nyumba yao imeanza 1859, na mwaka 1891 ndio waliowaletea watu mpango wa reli za modeli zenye vipimo maalumu, ili ya leo iingiliane na ya mwakani.

Tahadhari kwa anayetaka kununua za zamani, hasa zile zilizomiminwa kwa zinki miaka ya kabla ya vita: ichunguzeni kwa lenzi kabla ya kutoa pesa. Zinki iliyochafuliwa na risasi hata kidogo tu huoza kutoka ndani. Inavimba, inapata nyufa kama tope lililokauka, halafu siku moja unainua injini na kipande kinabaki mezani. Haina dawa wala gundi. Ukiona mwili umepinda au magurudumu yamekwama kwenye fremu, mrudishie mwenyewe kwa heshima.

Kijana wa Syokimau

Wakubwa shikamooni. Mimi ni mgeni kwa mambo haya, naishi chumba kimoja na sebule. Nikitaka siku moja niwe na 59, ni kipimo gani kitanitosha? Na je, nikinunua seti ya treni ya mitumba kutoka Marekani nitapata shida ya umeme?

Taruma

Marahaba kijana, karibu sana. Nikupe urefu wa injini ileile kwa vipimo tofauti ujipimie sebule. Kwa 1:160 itakuwa sentimita 20. Kwa 1:87, sentimita 36. Kwa 1:22.5 ni mita 1.4, hiyo utailaza kitandani wewe ukalale chini.

Garratt ina fadhila moja kubwa kwa mtu mwenye nafasi ndogo. Boila lake limening'inia kwenye fremu katikati ya seti mbili, na linashikwa na kiegemeo kimoja kila upande. Injini ikiingia kona, seti zote mbili zinajipinda na boila linakatiza kwa ndani ya kona. Halitoki nje kama pua ya Big Boy. Ndiyo maana bwana Herbert Garratt aliomba hataza (haki ya uvumbuzi) ya wazo hilo mwaka 1907, na ya kwanza ikatoka 1909 kwenda Tasmania, kwenye reli nyembamba ya milimita 610. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi za kona kali na milima. Sebule yako ni nchi ya namna hiyo.

Umeme: transfoma ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 240 yetu inaungua papo hapo na inaweza kuwasha moto. Tumia ya hapa, hakikisha tu volti zinazotoka ni zile injini inazotaka.

Fundi Shaba (Kariobangi)

Nimechelewa kuingia, nilikuwa karakanani. Nimesoma yote na sijaona mtu akitaja moto.

Mimi natengeneza zinazotumia mvuke wa kweli. Reli ya milimita 45, boila la shaba lililolehemewa kwa madini ya fedha, gesi ya butani chini. Nawaheshimu wote mlioandika hapo juu, lakini injini ya mvuke yenye mota ya umeme tumboni ni picha ya injini. Yangu inapiga mluzi kwa mvuke, inatema maji ya moto ikianza, inatoa mafuta kwenye bomba, na ukiisahau inakufa.

Nieleze ugumu wake, kwa sababu watu hudhani ukipunguza kila kitu kwa kipimo basi itafanya kazi. Mvuke haupunguziki. Chukua 1:22.5. Ujazo wa boila unagawanywa kwa 22.5 mara tatu, yaani zaidi ya elfu kumi na moja. Eneo la ngozi ya boila, ambapo joto linatokea kwenda nje, linagawanywa kwa 22.5 mara mbili tu, kama 500 hivi. Kwa hiyo kila tone la maji kwenye modeli lina ngozi ya kupotezea joto mara 22.5 kuliko kwenye injini ya kweli. Boila dogo linapoa haraka mno, na mvuke unageuka maji ndani ya silinda kabla haujasukuma kitu. Dawa ni kufunika boila vizuri, kupasha silinda kwanza kwa kuisukuma injini mbele na nyuma, na kutojaribu kunakili kila bomba.

Hapa Nairobi kuna la ziada. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kichomea gesi kilichorekebishwa nchi za chini, kikifika hapa moto wake unakuwa wa njano na mrefu, unatoa masizi badala ya joto. Lazima ukifungulie matundu ya hewa zaidi. Moto ukiwa wa bluu, mfupi, wenye mlio wa chini, hapo ndipo.

Na usalama: boila langu halioni moto kabla sijalijaza maji baridi pomoni na kulipiga pampu ya mkono hadi mara mbili ya shinikizo la kazi. Kwa maji, kwa sababu maji hayabanwi. Likipasuka linavuja tu. Atakayelijaribu kwa hewa ya kompresa anajitengenezea bomu.

Kipimo Sahihi

Fundi, heshima yako. Ila hapo umekiri mwenyewe kwamba mabomba mengine unayaacha. Je, fimbo unaziacha?

Fundi Shaba

Siziachi, na siwezi. Kwako wewe wenzo ule ni wa kutazamwa. Kwangu ndio unaofungua valvu. Ukikosea tundu kwa nusu milimita injini inachechemea, unaisikia kabla hujaiona. Mvuke ni mkaguzi mkali kuliko lenzi yako.

Taruma

Fundi, umenipa hoja niliyokuwa naitafuta. Umesema reli ya milimita 45 na kipimo cha 1:22.5. Zidisha: 45 mara 22.5 ni mita 1.01. Hiyo ni reli yetu, ileile iliyoingia Nairobi mwaka 1899! Wajerumani wa LGB wamekuwa wakitengeneza modeli za reli ya mita moja kwa kipimo hicho tangu 1968, kwa ajili ya treni za milima ya kwao, na magurudumu na reli zinazofaa 59 zipo sokoni. Boila litakuwa sentimita 10 juu ya reli ya sentimita 4.5. Uzito, ukigawanya kwa ujazo, unakuja kama kilo 22. Kwenye 1:87 uzito huo ni chini ya gramu 400, ndiyo maana ile ya brasi inatetemeka ikipita maungio ya reli. Ya kilo 22 haitatetemeka. Itazama kwenye reli kama ya kweli.

Kwa hiyo nauliza wazi: tunaweza kuitengeneza, ya mvuke, hapa hapa?

Fundi Shaba

Boila naliweza. Shaba ya kipenyo hicho inapatikana ukiitafuta. Wasiwasi wangu ni mabomba ya mvuke yanayovuka viegemeo kwenda seti zote mbili. Lazima yajipinde bila kuvuja, na kwa ukubwa ule kiungo cha duara ni kazi ya siku nyingi kwenye mashine ya kukereza.

Binti wa Makadara

Mkifika kwenye mapigo mniite, nayafahamu. Na hapo hamhitaji kifaa cha sauti: seti mbili, bomba moja, yatapishana yenyewe.

Kipimo Sahihi

Nipeni fimbo na magurudumu. Taruma, mimi ninahitaji kwanza vipimo viwili kutoka makumbusho ambavyo sijaviona kwenye mchoro wowote: nafasi kati ya tangi la mbele na chumba cha moshi injini ikiwa kwenye reli iliyonyooka, na kimo cha kitako cha boila kutoka juu ya reli. Nafasi ile ndiyo inayoharibiwa na kila mtu. Wanaiacha pana ili ipite kona, na injini inaonekana imekatwa vipande vitatu.

Taruma

Nitavileta. Nitaomba ruhusa ya kupima kwanza, halafu napima Mount Gelai na Mount Shengena zote mbili, tuone kama zinalingana. Mwambao, kama una mtu Mombasa anayeuza brasi ya unene wa nusu milimita kwa bei nzuri, niandikie. Kijana wa Syokimau, njoo unishikie ncha ya pili ya futi.